Umegongwa na Asiye na Bima: Nani Atalipa?

Mtu akigongwa kwa nyuma kwenye foleni ya Mwenge, Dar es Salaam, saa kumi na mbili jioni, swali la kwanza kumtoka mdomoni ni "Hukuniona?" Swali linaloamua kama gari lake litarudi barabarani wiki ijayo au litalala gereji miezi mitatu huja baadaye kidogo, watu wakishaanza kujaa: "Una bima?"

Jibu lake mara nyingi linavunja moyo. Mwendesha bodaboda anasema pikipiki ni ya mkataba, bima anajua bosi. Dereva wa kirikuu anaonyesha karatasi iliyokwisha muda tangu mwezi uliopita. Mwingine ana karatasi nzuri kabisa, yenye nembo na namba, ila namba hiyo haimo kwenye mfumo wowote. Na yupo asiyesubiri kuulizwa: anakanyaga mafuta na kutokomea, akiacha vipande vya taa kwenye lami.

Sheria iko wazi. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1945, inakataza kutumia chombo cha moto barabarani bila bima ya kufidia watu wengine. Hii ndiyo bima ambayo Watanzania huiita bima ndogo. Lakini katazo la sheria na mfuko wa aliyegonga ni vitu viwili tofauti. Trafiki anaweza kumtoza faini, hakimu anaweza kumtia hatiani, na bado bampa, bonneti na rejeta ya aliyegongwa vikabaki vimepondwa vile vile.

Hapa ndipo wenye magari wengi wanapokosea hesabu. Mtu anakata bima ndogo, analipa, anapokea hati kwenye simu, kisha anaendesha akiamini amekingwa. Ni kweli amekingwa, lakini dhidi ya madai ya watu atakaowagonga yeye. Bima ndogo huwalipa wengine. Haimlipi mwenye gari hata shilingi moja kwa ajili ya gari lake, iwe kosa ni lake au la. Kwa hiyo dereva mwenye bima ndogo akigongwa na mwenye bima, anadai kwa kampuni ya yule mwenzake. Akigongwa na asiye na bima, hana kampuni ya kuidai. Anabaki na mtu mmoja tu wa kumdai, naye ni yule anayejitetea mbele yake kwamba hana kitu.

Kuna nchi zilizoliona pengo hili na kuliziba. Uingereza ina shirika la kampuni za bima lililoanzishwa mwaka 1946, Motor Insurers' Bureau, ambalo humfidia aliyegongwa na dereva asiye na bima au aliyekimbia, kwa fedha zinazotoka kwenye kampuni za bima zenyewe. Afrika Kusini ina mfuko wa ajali za barabarani unaochangiwa na kila lita ya mafuta inayouzwa, na humhudumia aliyeumia bila kuuliza kama aliyemgonga alikuwa na bima. Jirani zetu wa Rwanda wana Mfuko Maalumu wa Dhamana unaowalipa walioumizwa na magari yasiyo na bima au yasiyojulikana, na hata waliodhuriwa na wanyamapori waliotoka mbugani. Nchi ile ni ndogo kuliko mikoa yetu kadhaa, na imeweza. Sura ya 169 haina mfuko wa namna hiyo. Mwanafunzi aliyegongwa alfajiri na gari lililokimbia barabara ya Morogoro hana dirisha la kwenda kugonga. Hili ni jambo ambalo Bunge na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, wanapaswa kulishughulikia bila kuchelewa. Mpaka hapo litakapofanyika, kinga ya mwenye gari ni ile anayoinunua mwenyewe.

Kinga hiyo ina sehemu mbili, ya gari na ya mwili, nazo kwa kawaida hazinunuliwi kwa mkataba mmoja. Wengi hujua ya kwanza tu.

Kwa upande wa gari, jibu ni bima kubwa. Hii hulipa matengenezo ya gari la mteja mwenyewe bila kujali aliyegonga ni nani na ana nini mfukoni. Kampuni ikishamlipa mteja, inarithi haki yake ya kumfuata mkosaji. Kazi ya kuhangaika na mwendesha bodaboda, kumtafuta bosi wake na kwenda mahakamani inakuwa ya kampuni yenye mawakili, na mteja anaendelea na maisha yake.

Suala ni gharama. Kwa miaka mingi ada ya bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa Sh100,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika Sh118,000 kwa mwaka. Bima kubwa ya gari la binafsi hukadiriwa kwa kiwango cha kuanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kabla ya VAT. Chukua Toyota IST yenye thamani ya Sh milioni 12. Asilimia 3.5 ni Sh420,000. VAT yake ni Sh75,600. Jumla ni Sh495,600. Tofauti na bima ndogo ni Sh377,600 kwa mwaka, sawa na Sh1,035 hivi kwa siku. Kwa dereva wa Dar es Salaam anayepita kila siku katikati ya bodaboda, bajaji na daladala, fedha hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko bei ya kubadilisha taa mbili za mbele na kunyoosha bonneti, achilia mbali gari kuandikwa hasara kamili.

Lakini bima kubwa isinunuliwe kwa kufumba macho. Mkataba mmoja na mwingine hutofautiana sana, na tofauti hizo zimejificha kwenye kurasa ambazo wakala huzipitisha haraka. La kwanza ni kiasi ambacho mteja hujibebea mwenyewe katika kila dai kabla kampuni haijaanza kulipa. Mikataba mingi hutaja asilimia fulani ya dai pamoja na kiwango cha chini kisichoshuka. Kama kiwango hicho ni Sh300,000 na bodaboda imekwangua mlango kwa hasara ya Sh250,000, mteja hatalipwa kitu. Aulize mapema: je, kiasi hicho hukatwa hata pale ninapogongwa bila kosa langu? Na kama kampuni ikifanikiwa kumdai mkosaji, narudishiwa? Zipo kampuni zinazouza nyongeza ya kufuta makato hayo kwa ada ndogo. Kwa anayeishi katikati ya foleni, nyongeza hiyo ina faida kuliko mbwembwe nyingine zote zinazouzwa na bima.

La pili ni thamani ya gari. Kuna wanaotaja thamani ya chini ili ada ipungue. Gari la milioni 12 linaandikwa milioni 7. Siku ya ajali, mtathmini anakuja, analiona gari kwa macho yake, na kampuni inalipa hasara kwa uwiano wa kile kilichoandikwa. Hasara ya Sh milioni 3 inageuka kuwa malipo ya Sh1,750,000, na makato ya mteja bado hayajatolewa. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakuna faida, maana kampuni haitalipa zaidi ya bei ya soko ya siku hiyo. Thamani isahihishwe kila mwaka bima inapohuishwa, kwa sababu bei za magari hapa kwetu hupanda na kushuka na dola na ushuru.

La tatu ni bima ya katikati, inayofidia watu wengine pamoja na moto na wizi wa gari la mteja. Bei yake inavutia, na mawakala huipigia debe kwa wenye magari ya zamani. Ni bima nzuri kwa anayeogopa wezi. Kwa anayeogopa kugongwa na asiye na bima haisaidii chochote, maana mgongano haumo. Mwenye gari ajue anachonunua.

Wapo ambao bima kubwa hawaipati hata wakiwa na fedha, kwa kuwa kampuni nyingi huweka ukomo wa umri wa gari. Mwenye Corolla ya mwaka 1998 ataambiwa moja kwa moja kwamba yake ni bima ndogo. Kwa mtu huyu, na kwa yule ambaye Sh495,600 haziwezekani mwaka huu, ushauri ni huu: kubali kwamba gari lenyewe halina kinga, weka akiba kidogo ya matengenezo, na fedha ya kinga ipeleke mahali pengine. Ipeleke kwenye mwili.

Mwili ndio husahaulika kuliko vyote. Bima kubwa hutengeneza gari. Mguu wa dereva uliovunjika haumo, labda kama mkataba una kipengele cha ajali binafsi, na mara nyingi kipengele hicho kikiwepo huwa na kiwango kidogo sana cha matibabu. Bima ndogo yenyewe, kwa msingi wa sheria, imewekwa kwa ajili ya mtu wa nje aliyekufa au kuumia, na abiria wanaolindwa kwa lazima ni wale wanaobebwa kwa malipo. Shangazi aliyepewa lifti kwenye gari la binafsi kwenda msibani Moshi anaweza kukuta jina lake haliingii popote. Na gari lile likigongwa na lori lisilo na bima, anaingia hospitali ya Mawenzi au KCMC kwa fedha za familia.

Kwa hiyo mwenye gari aulize kuhusu bima ya ajali binafsi kwa dereva na abiria, ambayo hulipa kiasi kilichokubaliwa endapo mtu atapata ulemavu au kufariki, bila kungoja mahakama iseme nani ana kosa. Ada yake kwa kila kiti ni ndogo ukilinganisha na bima ya gari. Hii na bima ya afya, iwe ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, au ya kampuni binafsi, ndizo zinazomtoa majeruhi hospitalini. Familia yenye uwezo wa kuchagua kimoja tu kati ya bima kubwa ya gari kuukuu na bima ya afya ya watu watano, ichague afya. Gari likipondwa linaweza kuuzwa kwa mafundi wa eneo la Gerezani kama vipuri.

Bima yenyewe, hata iwe nzuri kiasi gani, inaweza kushindwa kwa makosa ya mwenye gari. Kosa linaloumiza watu wengi ni la gari lililonunuliwa mkononi. Mnunuzi anaandikishiana mkataba wa mauziano kwa mwanasheria, anakabidhiwa ufunguo na kadi, na bima ya muuzaji ina miezi saba mbele. Anaona amepata bahati. Bima hiyo ilikuwa mkataba kati ya kampuni na muuzaji. Gari likishauzwa, muuzaji hana tena maslahi katika gari lile, na mnunuzi hajawahi kuwa mteja wa kampuni. Mbele ya macho ya bima, mnunuzi ndiye dereva asiye na bima, na hajui. Dawa ni kufanya uhamisho wa umiliki na kuiarifu kampuni kabla gari halijatoka mlangoni. Kosa la pili linalokua kwa kasi ni gari la bima ya matumizi binafsi linalosajiliwa kwenye programu za usafiri kubeba abiria jioni. Dai likija, kampuni huuliza kwanza gari lilikuwa kwenye kazi gani.

Kuna pia bima ambazo ni karatasi tu. Kwa sababu ya hati za kughushi, TIRA ilihamishia usajili wa bima kwenye mfumo wa kielektroniki wa TIRA-MIS, ambamo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuingiza namba ya gari na kuona kama lina bima hai, ya kampuni gani na inaisha lini. Kila aliyelipa ada afanye hivyo siku hiyo hiyo, kabla wakala hajaondoka. Kama gari halionekani, fedha imeingia mfukoni mwa mtu. Mwendesha bodaboda ya mkataba naye afanye hivyo badala ya kutegemea neno la bosi, kwa sababu siku ya ajali anayeshikwa shati ni yeye.

Na hata bima halali inaweza kubaki haina mlipaji. Wakenya wana uzoefu mchungu wa jambo hili. Kampuni ya United iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Blue Shield ikafuata mwaka 2011, kisha Resolution mwaka 2022 na Xplico mwaka 2023. Baadhi ya kampuni hizo zilikuwa na wateja wengi wenye matatu, yaani daladala za Kenya. Aliyegongwa na gari la mteja wa kampuni iliyoanguka hujikuta hana tofauti kubwa na aliyegongwa na asiye na bima. Ndiyo maana bei ya chini kuliko zote sokoni isiwe kigezo pekee. Mafundi wa gereji wanajua kampuni zipi hulipa kwa wakati na zipi hupiga wateja danadana, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na magari yakisubiri hundi. Wakiulizwa, watasema.

Sasa turudi kwenye foleni ya Mwenge, dakika tano baada ya kishindo. Yanayofanyika hapo huamua malipo kuliko wengi wanavyodhani. Kabla magari hayajasogezwa, picha zipigwe: namba za usajili za pande zote, magari yalivyokaa barabarani, alama za breki, uharibifu kwa karibu. Jina na simu ya dereva zichukuliwe, pamoja na picha ya leseni yake. Kama ni bodaboda au bajaji, jina lililo kwenye kadi ya chombo ni muhimu kuliko jina la aliyeshika usukani, kwa sababu mmiliki aliyempa mtu chombo chake amfanyie kazi anaweza kudaiwa naye, na huyo ndiye mwenye mali. Simu za mashahidi wawili zichukuliwe kabla hawajapanda daladala. Namba ya gari lililogonga iingizwe TIRA-MIS hapo hapo. Wapo madereva wanaodai hawana bima kwa kuogopa bosi, na kumbe wanayo.

Trafiki aitwe, hata kama aliyegonga anabembeleza. Bila taarifa ya polisi na ramani ya ajali, kampuni ya bima haina pa kuanzia. Fomu kama PF90 ndizo atakazoulizwa mteja siku ya kwanza. Mwenye kuumia, hata akijisikia maumivu ya shingo tu, achukue fomu ya PF3 polisi na aende hospitali siku hiyo, kwa kuwa jeraha lisiloandikwa ni vigumu kulidai baadaye.

Kisha kuna karatasi ya makubaliano. Ni utamaduni wetu kusuluhishana, na ni jambo jema watu wasipelekane polisi kwa kila mkwaruzo. Lakini mwenye bima kubwa anayesaini kwamba amepokea Sh50,000 na "hadai kitu tena" amejifunga. Kampuni yake ilikuwa na haki ya kumfuata mkosaji, na yeye ameifuta haki hiyo kwa kalamu yake. Inaweza kukataa kumlipa, na itakuwa na hoja. Hasara iliyoonekana ni bampa; fundi akifungua anakuta chasisi imepinda. Asisaini lolote kabla ya kuipigia simu kampuni yake.

Asiye na bima kubwa, ambaye suluhu ndiyo tumaini lake, naye aifanye kwa umakini: makadirio ya fundi kwanza, makubaliano kwa maandishi yenye kiasi, tarehe na mashahidi, mmiliki wa chombo akiwa mmoja wa waliosaini. Mkosaji asipolipa, madai ya uzembe hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3. Wengi hungoja mpaka muda unapita.

Kwa wale wa Tunduma, Mbeya na barabara yote ya kwenda Zambia, mgongaji anaweza kuwa lori la nje. Hapo kitu cha kuulizia ni Kadi ya Njano ya COMESA, bima ya kuvuka mipaka inayotambuliwa Tanzania japokuwa nchi yetu ilijitoa COMESA mwaka 2000. Namba ya kadi hiyo ikipigwa picha kabla lori halijavuka mpaka, madai yanaweza kufanyiwa kazi hapa nchini kupitia Shirika la Bima la Taifa, NIC. Ikikosekana, lori limekwenda na fidia imekwenda nalo.

Ndugu zetu walioko Marekani wana njia fupi zaidi: kule mkataba wa bima ya gari huweza kuwa na kipengele maalumu cha kumlinda mteja dhidi ya dereva asiye na bima au mwenye bima isiyotosha. Katika majimbo mengi mteja anaweza kukikataa ili ada ishuke, na wageni wengi hukikataa bila kujua wamekataa nini. Wasikikatae. Jimbo la New Hampshire hata haliwalazimishi madereva wengi kuwa na bima.

Kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya kueleweka, mteja aombe sababu hizo kwa maandishi na kuzipeleka kwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu wasioweza kukodi mawakili. Na kabla ya kulipa ada ya mwaka ujao, kila mwenye gari amwandikie wakala wake maswali manne kwa meseji: nikigongwa na asiye na bima, gari langu litatengenezwa? Nitakatwa shilingi ngapi? Mimi na abiria wangu tutatibiwa na nani? Na kampuni inataka niripoti ndani ya siku ngapi? Majibu yatunzwe kwenye simu, na wakala anayekwepa kujibu kwa maandishi asipewe fedha.